Fedha ya Septemba ni ya mwakani: kukarabati kiwanja cha gofu Nyanda za Juu Kusini

Kiwanja cha gofu hukaguliwa vizuri Februari, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo. Kamati nyingi hufanya kinyume. Hukutana Agosti, vumbi likitimka na nyasi zimekauka kama mabua, zikaona tatizo ni ukame, zikaandika bajeti ya pampu. Februari kiwanja hakifichi kitu. Utaona grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera) yenye madimbwi saa mbili nzima baada ya mvua kukatika, banka (mtego wa mchanga) lililogeuka birika, na kipande cha feawei (njia ya nyasi kutoka tii, mahali pa kupigia mpira wa kwanza, hadi grini) ambacho mashine ya kukatia haijakigusa wiki ya pili sasa. Chukua kopo la rangi ya kupuliza, zungushia kila dimbwi, piga picha, andika tarehe. Ramani ya madimbwi ndiyo hati ya kwanza ya mradi, na ni ya bei rahisi kuliko zote zitakazofuata.

Baada ya hapo chukua kikata shimo, kile kile kinachotoboa mashimo ya milimita 108, utoe kipande cha sentimita 20 kwenye grini mbovu kuliko zote na kingine kwenye ile ambayo wachezaji hawailalamikii. Vilaze juu ya gunia, ubavu kwa ubavu. Kwenye grini ya zamani ya Mufindi au Mbeya, juu utakuta sentimita mbili au tatu za masalia ya nyasi yaliyoshikana kama mkeka. Chini yake kuna tabaka za mchanga, kila moja na rangi yake, kwa sababu kila mwaka ulichotwa mto tofauti. Halafu mstari mweusi wa upana wa kidole unaonuka yai viza, na chini ya huo udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mizizi inaishia juu ya mstari mweusi. Harufu ile ni ya bakteria wanaoishi pasipo hewa, maana maji yamesimama pale kwa miezi. Mizizi ikiwa na sentimita nne tu badala ya kumi au kumi na tano, nyasi zinaishi kwa kumwagiliwa kila siku, na hakuna mbolea itakayozisaidia.

Viwanja vingi vya zamani vya bara vilianza na "brauni", yaani duara la mchanga uliochanganywa na oili chakavu, lililosawazishwa kwa kuburuta mti au gunia. Baadaye trekta lilisukuma udongo wa pale pale juu yake, ukoka ukapandwa, ikawa grini. Ukikuta tabaka jeusi linaloteleza vidoleni na kunuka gereji badala ya yai, hiyo ni brauni ya zamani iliyofukiwa. Maji hayapiti hapo. Tabaka hilo lazima litolewe lote na lizikwe mahali palipokubaliwa, mbali na kijito.

Kwa nini chini ya mchanga kuna kokoto

Wengi hudhani kokoto huwekwa ili maji yakimbie. Ni nusu ya jibu. Chukua sifongo cha kuoshea vyombo, kiloweshe mpaka kitone, kisha kilaze juu ya kokoto kavu. Kitaacha kutona kikiwa bado kimejaa maji, kwa sababu vitundu vidogo vya sifongo huyashika maji kwa nguvu kuliko nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto. Kisimamishe wima, kitatoa maji mengine. Grini ya mchanga juu ya kokoto hufanya vivyo hivyo. Mvua ndogo hubaki ndani ya mchanga na mizizi ikaitumia. Mvua kubwa ikishibisha mchanga wote, uzito wa maji huyasukuma hadi kwenye kokoto na kutoka kwenye mabomba.

Ndiyo maana kina cha mchanga hakina mjadala. Vipimo vya Chama cha Gofu cha Marekani, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa sehemu nyingi duniani, vinataka sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto, na sakafu ya chini ichongwe kwa umbo lile lile litakaloonekana juu. Fundi akiacha sakafu tambarare na kutengeneza vilima vya grini kwa mchanga peke yake, atapata sentimita 45 kileleni na 20 bondeni. Kileleni nyasi zitakauka Septemba, bondeni zitaoza Februari, na klabu italaumu mbegu. Piga vigingi vyenye alama ya sentimita 10 na 40 kila baada ya mita tatu kabla tripu ya kwanza haijamwagwa. Kosa linalovumilika ni sentimita mbili na nusu juu au chini.

Tuchukue grini moja ya mita za mraba 500. Mchanga wa sentimita 30 ni mita za ujazo 150, na kwa kuwa hushuka ukishindiliwa, agiza 180. Kokoto ni mita za ujazo 50, ongeza tatu za kujazia mitaro. Mabomba yenye matundu ya milimita 100 hulazwa kwenye mitaro ya sentimita 20 kwenda chini na 15 kwa upana, mstari mmoja usiwe mbali na mwingine zaidi ya mita tano, mteremko usipungue nusu sentimita kwa kila mita. Hapo unapata kama mita 100 za bomba. Usivishe bomba wala kokoto kitambaa cha kuchujia. Punje laini huziba kitambaa na maji yakakwama juu yake. Kinachozuia mchanga usizame ni ukubwa sahihi wa kokoto: zote zipite kwenye chekeche la milimita 12, na zilizo ndogo kuliko milimita 2 zisizidi asilimia 10. Kama asilimia 85 ya mchanga wako ni punje ndogo kuliko milimita 0.75, basi ile asilimia 15 ndogo kabisa ya kokoto iishie milimita 6, yaani mara nane ya 0.75. Kokoto zikizidi hapo, mchanga utamiminika ndani yake kama unga kwenye kapu.

Kwa tipa la mita za ujazo 10, grini hiyo moja ni tripu 18 za mchanga na sita za kokoto. Kwa kiwanja cha mashimo tisa, grini tisa ni tripu 216, na tipa lililojaa likipita kwenye feawei mara 216 utajikuta una kazi ya pili ya kukarabati feawei. Chagua njia moja ya kuingilia na eneo moja la kumwaga mzigo, na kutoka hapo tumia trekta na tela dogo. Gharama ya trekta hilo ndiyo husahauliwa kwenye bajeti nyingi.

Je, kila grini inahitaji yote haya? Hapana. Kuna njia iliyoanzia California isiyo na tabaka la kokoto: sakafu inachongwa, mitaro ya mabomba inajazwa kokoto, na mchanga wa sentimita 30 unakaa moja kwa moja juu ya udongo uliobanwa. Hupunguza karibu tripu tano kwa kila grini, na kwenye mfinyanzi mzito wa kwetu hufanya kazi vizuri mchanga ukiwa wa daraja sahihi. Kuna pia grini ambazo hazistahili kufukuliwa kabisa. Ikiwa mteremko wake unatoa maji na mizizi imefika sentimita nane, itoboe kwa mashine inayotoa vijiti vya udongo, ujaze mchanga. Lakini elewa hesabu yake: matundu ya milimita 12 yaliyoachana sentimita tano hubadilisha chini ya asilimia 5 ya uso wa grini kwa mara moja. Hivyo ni mara mbili kwa mwaka, miaka mitatu au minne, bila kuruka. Klabu isiyoweza kudumisha ratiba hiyo isijidanganye kwamba imechagua njia nafuu.

Mchanga wa hapa

Mchanga ndio utakaoua au kuokoa mradi, na Nyanda za Juu Kusini hautafutwi kwa macho. Unaotakiwa ni ule ambao angalau asilimia 60 ya punje zake ziko kati ya milimita 0.25 na 1, vumbi laini halizidi asilimia 5 na mfinyanzi hauzidi 3. Mchanga wa mtoni unaosifiwa na mafundi wa nyumba mara nyingi una mfinyanzi zaidi ya huo, na ndiyo sababu wanausifu: unashikana vizuri kwenye plasta.

Jaribio la kwanza ni la chupa. Jaza mchanga theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, weka dirishani. Mchanga utatulia ndani ya dakika moja, vumbi ndani ya saa chache, mfinyanzi utachukua usiku mzima au zaidi. Maji yakiwa bado ya maziwa kesho yake, achana na machimbo hayo. Yakiwa safi, hapo ndipo upeleke sampuli maabara. Maabara yoyote inayopima mchanga na kokoto za barabara ina machekeche ya kutosha. Rutuba na uchachu wa udongo hupimwa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo jijini Mbeya, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Usipeleke sampuli moja. Machimbo hubadilika kila mita chache, kwa hiyo chota sehemu tano, na baadaye pima tena kila baada ya tripu 20 zinazoingia.

Kuanzia Mbeya kwenda Rungwe kuna pumisi, mawe mepesi yaliyotokana na volkano, na mchanga wake huvutia kwa kuwa unashika maji na hautoi tope. Tatizo lake ni kwamba punje zake hupondeka. Grini hukanyagwa na kushindiliwa kila siku, na pumisi dhaifu hugeuka unga baada ya miaka michache. Kama bei inakulazimisha, changanya kiasi kidogo na mchanga mgumu, kisha pima tena mchanganyiko wenyewe.

Kuchanganya mboji na mchanga hufanyika nje ya grini, kwa koleo la mashine kwenye sakafu safi, kamwe si kwa jembe juu ya grini iliyokwisha kumwagiwa mchanga, maana ukifanya hivyo utapata mifuko ya mboji hapa na mchanga mtupu pale. Mboji iwe imeiva na kuchekechwa. Unga wa mbao kutoka viwanda vya Mafinga ni wa bure, na ni wa bure kwa sababu: ukiwa mbichi hunyang'anya nyasi naitrojeni wakati unaoza, na grini itabaki ya manjano hata uimwagie yuria vipi. Udongo wa kwenye chai ni mchachu, na chai inaupenda hivyo. Ukoka unataka uchachu (pH) wa kati ya 6 na 6.5, kwa hiyo chokaa ya kilimo iwe kwenye bajeti ya feawei na tii.

Kuhusu malipo: pima sanduku la tipa mwenyewe kwa futi, urefu kwa upana kwa kimo, kabla ya kukubaliana bei ya tripu. Mchanga wenye unyevunyevu huvimba, ujazo ukaongezeka hata kwa robo kuliko ukiwa mkavu. Tipa lililojaa "mpaka juu" asubuhi yenye umande ni zuri kwa dereva tu.

Maji, na hesabu inayokosewa

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kuanzia Juni hadi Oktoba, grini hupoteza kama milimita nne hadi tano kwa siku. Grini tisa za mita za mraba 500 ni mita 4,500, mara tano ni lita 22,500 kwa siku. Kamati huishia hapo, ikaagiza matangi.

Springla, yaani vinyunyizio vya maji, hazijui mpaka wa grini. Ukiweka nne pembeni, zimeachana mita 18, kila moja ikitoa lita 80 kwa dakika na kuzunguka duara zima, katikati unapata karibu milimita 15 kwa saa. Milimita tano ni dakika 20. Springla nne kwa dakika 20 ni lita 6,400, wakati grini yenyewe imepata 2,500. Zilizobaki zimenywesha magugu ya pembeni. Kwa grini tisa sasa unahitaji lita 57,600 kwa siku. Kwa siku 150 za kiangazi hizo ni mita za ujazo 8,640, na lambo la kina cha mita tatu hupoteza kama sentimita 75 kwa jua na upepo peke yake. Ili ubaki na maji hayo utachimba lambo la karibu mita za ujazo 11,500, kabla hujahesabu yanayopenya ardhini. Springla za nusu duara zinazotazama ndani hupunguza hasara hiyo sana, na zisiwekwe kwenye valvu moja na za duara zima, kwa kuwa zenyewe humwaga maji yale yale kwenye nusu ya eneo.

Kwa klabu ya mashimo tisa ushauri wetu ni usiopendwa: anzeni na koki na mipira. Mpira wa inchi moja unaotoa lita 60 kwa dakika humaliza grini kwa dakika 42. Watu wawili humaliza grini tisa kwa saa tatu na kidogo asubuhi, na jicho la mtu huona pakavu ambapo mashine haioni. Lakini bomba kuu chini ya ardhi lilazwe la ukubwa wa springla za baadaye. Springla nne za lita 80 ni lita 320 kwa dakika. Kwenye bomba la plastiki la milimita 75 maji hayo hukimbia zaidi ya mita 1.5 kwa sekunde, na kila valvu ikifungwa mabomba hupigwa kishindo mpaka viungo vinaachia. La milimita 90 huyapitisha kwa kama mita 1.1. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko kufukua mara ya pili.

Milima nayo ina faida yake. Kila mita 10 za mwinuko ni baa moja ya msukumo. Tangi lililo mita 40 juu ya grini linatoa baa nne bila umeme, na pampu ndogo inaweza kulijaza taratibu usiku kucha. Feawei ziacheni. Hekta 10 kwa milimita nne ni lita 400,000 kwa siku, na hakuna mwenyekiti wa kitongoji atakayetazama maji hayo yakimwagwa kwenye nyasi wakati kina mama wanapanga ndoo bombani.

Kuchota mtoni au kuchimba kisima kwa matumizi kama haya kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde: Rufiji kwa sehemu kubwa ya Iringa; Rufiji, Ziwa Rukwa au Ziwa Nyasa kwa Mbeya, kutegemea upande gani wa mlima maji yanakoelekea. Maombi hayo yaanze mwaka mmoja kabla. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na kuna viwanja vya zamani ambavyo grini yake moja iko humo humo. Iulizeni mapema NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, kama lambo lenu linahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Jibu hilo linaweza kubadilisha mchoro wote.

Nyasi na baridi ya Juni

Kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki yenyewe. Kwenye mwinuko wa Mufindi au Njombe hukua bila kubembelezwa, na kwa feawei ya kukatwa milimita 15 hadi 20 hakuna kinachoishinda. Kwenye grini ni adui: jani pana, marando manene, hutambaa kutoka pembeni na kuingia. Chimba mfereji mwembamba wa kuizuia, ukate mpaka huo kila mwezi wakati wa mvua.

Kwa grini, machotara ya ukoka kama Tifdwarf, iliyotolewa Marekani mwaka 1965, hukatwa milimita nne au tano na hustawi vizuri Iringa na Mbeya. Tatizo lake ni baridi. Juni na Julai usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, ukoka hukaribia kulala, na maeneo ya juu ya Mufindi, Njombe na Makete hupata sakitu, yaani umande ulioganda. Nyasi zenye sakitu zikikanyagwa kabla jua halijaziyeyusha, majani hupasuka ndani, na kesho yake utaona nyayo nyeusi zikitoka tii hadi bendera. Kivuli cha milingoti (mikaratusi) na misindano (misonobari) huzidisha yote hayo, tena mizizi ya mlingoti huingia kwenye mabomba ya kutolea maji na kuyaziba. Miti ya upande wa mashariki wa grini ndiyo ianze kukatwa, ili jua la asubuhi lifike mapema.

Usinunue nyasi za grini zote kwa mara moja. Tengeneza kitalu. Mita moja ya mraba ya kitalu kilichokomaa hutoa marando ya kupanda karibu mita 10, kwa hiyo kitalu cha mita 450 kinatosha grini tisa. Marando yakitoka nje ya nchi yanahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na karantini si jambo la wiki moja. Kitalu kipandwe mwaka mmoja kabla ya grini ya kwanza kufukuliwa, kwenye mchanga ule ule, na kipaliliwe kikuyu kwa mkono. Rando moja la kikuyu likiingia kwenye gunia la kupandia litakuwa kwenye grini tisa.

Kalenda ndiyo inayopanga fedha

Kazi ya kuchimba na kuchonga sakafu hufanyika ardhi ikiwa kavu, Juni hadi Agosti. Mchanga humwagwa Agosti na Septemba. Marando hupandwa mwanzoni mwa Oktoba, joto likiwa limerudi, yamwagiliwe kidogo kidogo mara tano au zaidi kwa siku, ili Desemba mvua kubwa zikija mizizi iwe imeshika mchanga. Mbolea ni gramu tano za naitrojeni kwa mita ya mraba kila wiki mwanzoni: kwa grini ya mita 500 ni kilo 5.4 za yuria au kilo 9.3 za CAN, igawe mara mbili. Ukichelewa ukapanda Machi, nyasi zitafunika nusu tu, baridi itazikuta hapo, na zitakaa hivyo mpaka Septemba. Umechelewa miezi mitano, umepoteza karibu mwaka.

Kwa hiyo fedha ya awamu iwe benki ifikapo Mei. Inayoingia Septemba ni ya mwakani, na kamati yenye ujasiri huiweka akaunti ya muda maalumu badala ya kuianza kazi kwa sababu tu ipo. Hata msaada wa vitu una tarehe. Kampuni ya chai au ya mbao ikiahidi katapila la bure, litakuja likimaliza kazi za mwenyewe, yaani Oktoba. Andikianeni siku ya kuingia na siku ya kutoka, nani anaweka dizeli na nani anamlipa opereta. Bila karatasi hiyo, kodini.

Sasa mfano wa hesabu. Klabu ina wanachama 80, makadirio ni shilingi milioni 240 kwa awamu tatu, milioni 80 kila moja. Mchango maalumu wa shilingi 300,000 kwa mwaka ni milioni 24 kama wote watalipa. Weka asilimia 70 kwenye bajeti, upate milioni 16.8. Mtu atasema tukope milioni 60. Kwa riba ya asilimia 16 na miaka mitatu, rejesho ni karibu milioni 2.11 kwa mwezi, milioni 25.3 kwa mwaka, na mpaka mwisho mmelipa karibu milioni 76. Yaani hata wanachama wote 80 wakilipa bila mmoja kuruka, mchango haufikii rejesho. Na katika kipindi hicho hicho ada za wageni zimepungua kwa sababu grini tatu ziko chini ya mchanga. Mkopo wa namna hiyo haubebeki. Kinachobebeka ni awamu ya kwanza kupunguzwa mpaka iingie kwenye fedha iliyopo: bomba kuu, kitalu, na grini moja tu, ile mbovu kuliko zote. Grini hiyo moja ikifaulu, wafadhili wa mashimo huja wenyewe, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kuwaonyesha.

Mfadhili wa shimo apewe mkataba wa miaka mitano, si bango la maisha. Bei ya vifaa vya kuagizwa nje hufuata dola, na bei aliyokuandikia muuzaji hudumu siku 30 au chini ya hapo. Uliza kama VAT imo ndani. Weka asilimia 15 ya dharura, na isiguswe kwa kupaka rangi jengo la klabu. Benki na wafadhili wakubwa watauliza hati: imebaki miaka mingapi, kodi ya ardhi imelipwa, wadhamini wamesajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), klabu iko kwa Msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kama ardhi ni ya shamba la chai au ya halmashauri na mkataba wenu umebakiza miaka sita, msijenge grini inayotarajiwa kudumu miaka 20.

Kwenye mabanka tuna msimamo mkali: fukieni nusu. Mchanga wa banka huchoka baada ya miaka mitano hadi saba, mvua zetu huuosha na kuuchanganya na udongo, na kila banka ni reki na kibarua kila asubuhi. Yatakayobaki yawekewe bomba chini, mchanga sentimita 10 hadi 15 sakafuni na tano kwenye kuta, wenye punje zenye kona ili usiteremke.

Mkandarasi alipwe kwa kile kinachofukiwa, kabla hakijafukiwa. Mitaro na mabomba yakaguliwe kwa kumwaga pipa la maji juu na kusubiri chini na saa mkononi. Kokoto zikaguliwe kwa vigingi, mchanga kwa cheti cha maabara. Kila hatua ipigwe picha ikiwa na futi ndani yake. Asilimia 10 ya malipo ibaki mpaka nyasi zifunike asilimia 90 ya grini.

Ifikapo Februari grini mpya itakuwa ya kijani na wanachama wataanza kuuliza kama itafunguliwa Pasaka. Mashine ya kwanza ipite kwenye milimita 10, ishuke milimita moja kila wiki mbili, huku ukinyunyiza mchanga mwembamba na kuushindilia kwa rola nyepesi. Kikata shimo kibaki stoo. Siku ya kukitoa, kata kipande kimoja pembeni ya grini, kishike kwa vidole viwili hewani. Kikimwaga mchanga, rudisha, shindilia kwa kiganja, na bendera ibaki kwenye grini ya muda kwa wiki nyingine mbili.